Mkate wa Jumatatu

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu, baba watoto,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Ukiona alama nyeupe za vidole kwenye karatasi hii usishangae, ni unga. Nimekaa juu ya gunia mlangoni pa chumba cha kuokea, na dereva wa lori la unga ananisubiri nimalize ndipo aondoke na barua. Kila mara anapiga honi. Nimemwambia mwanamke anayemwandikia mumewe hapigiwi honi. Akasema, "Basi mwandikie kwa kifupi, mama." Nikamjibu mimi na kifupi hatujawahi kukutana.

Tungepigiana simu, lakini simu ya huko kwenu inataka mtu apande kilima, na ukishapanda unapiga kelele kama uko mnadani, bonde zima linasikia mambo ya nyumba yako. Heri karatasi.

Kumbe shule imekukubali uwajengee tanuri la mikate! Na mkuu wa shule amesema likioka vizuri siku wanafunzi wanaporudi, mwezi wa tano, atakuajiri moja kwa moja uwe fundi wa shule na akupe nyumba, ili mimi na watoto tuje tukae nawe. Niliisoma barua kwa sauti, maana dada yako asiposomewa hapati usingizi. Wifi alipiga vigelegele, jirani yetu mjane akaja mbio akidhani kuna posa. Mimi nilipiga magoti palepale penye unga nikashukuru. Tangu uanze kuhamahama na kazi, watoto wamekuzoea kwenye picha. Mimi picha siwezi kuizoea.

Umeniuliza tanuri jipya ulilonijengea kabla hujaondoka linaendeleaje, kwa sababu la shule utalijenga kwa mfano wake. Ni zuri. Linaoka vizuri. Wateja wanasifu. Zile kuta ulizozifanya nene mara mbili ya tanuri la zamani, wapita njia husimama kuzitazama. Usiwe na wasiwasi wowote.

Honi tena. Bwana akulinde.

Mkeo,
Mama Mikate

*

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Sehemu ya tanuri nilimsomea mkuu wa shule ofisini kwake. "Ni zuri, linaoka vizuri, wateja wanasifu." Mkuu ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Fundi, nijengee hilohilo." Kwa hiyo ujue kwamba maneno yako ndiyo yaliyonipa kazi, kuliko hata mikono yangu.

Kuba la juu ya tanuri limesimama. Kuta ni nene kama zako. Tumeshawasha moto wa kwanza na kazi inaendelea vizuri, Mungu ni mwema.

Nina maswali madogo tu. Unatumia kuni gani? Unawasha moto kwa muda gani kabla ya kuingiza mikate? Ukishafunga mlango, unafungua katikati kuchungulia au unaacha? Unanyunyiza maji? Na ile mikate ya nyuma kabisa, inaiva mpaka ndani? Nauliza tu. Fundi hujifunza kutoka kwa mwenye kukitumia kitu.

Mwambie dada yangu apunguze vigelegele, ana presha.

Mumeo,
Fundi

*

Ijumaa, 21 Machi

Baba watoto,

Maswali yote hayo, umekuwa askari wa barabarani? Au wifi amekuandikia kisirisiri? Nimemuuliza, amekula yamini kwamba hajaandika.

Nakujibu. Kuni ni zilezile tulizozitumia siku zote. Nawasha ndani ya tanuri, zikishaungua naondoa makaa kwa koleo, nafagia sakafu ya tanuri, naingiza mikate na kufunga mlango. Mikate inaiva kwa joto lililobaki kwenye tofali, kama ulivyonifundisha. Ulisema kuta zikiwa nene mara mbili basi na moto nao uwake muda mara mbili. Nafanya hivyo, sijapunguza.

Kuhusu kuiva: leo Ijumaa, kwa mfano, mikate imetoka ya rangi ya ngozi ya mtoto aliyepakwa mafuta. Ukiugonga chini unaitika kama mlango. Jana pia ilikuwa mizuri. Sijakudanganya.

Dereva akikueleza habari za mkate wa Jumatatu usimsikilize. Ana mdomo usio na breki, afadhali lori lake.

Naomba kila jioni kwamba tanuri la shule likubali. Watoto wameshaanza kugombania nani atalala karibu na dirisha katika nyumba ambayo hatujaiona.

Mkeo,
Mama Mikate

*

Jumapili, 30 Machi

Mke wangu,

Nimemuuliza dereva habari za Jumatatu. Alicheka mpaka akaegemea usukani, akasema, "Fundi, muulize mwenyewe, mimi napewa mkate wa bure pale, sitaki kuharibu." Jumatatu kuna nini?

Huku matokeo yanatia moyo. Kuna marekebisho kidogo ya hapa na pale. Nimeona niongeze nguvu: moto nimeufanya mkubwa zaidi, na sasa nimeagiza tofali za kuongeza safu nyingine ya ukuta kwa nje. Nikifikiri tu, kama kuta zako nene mara mbili zimekupa mkate mzuri hivyo, zikiwa nene mara tatu si ndiyo basi tena? Nitaanza kujenga safu hiyo tofali zikifika.

Omba kwa ajili yangu. Mkuu ameanza kupita pale kila asubuhi, haongei, anatazama tu, halafu anaondoka.

Mumeo,
Fundi

*

Jumatatu, 7 Aprili

Mume wangu,

Usijenge hiyo safu. Soma kwanza mpaka mwisho, ukasirike baadaye.

Leo ni Jumatatu. Naandika mikate ikiwa mbele yangu mezani, na dada yako amegeuzia uso ukutani kwa sababu akiitazama anacheka. Juu ni myeusi. Ndani ni donge. Mjane amebonyeza mkate mmoja kwa kidole gumba na shimo la gumba limebaki palepale, likitutazama. Dereva ameuinua wake akapima uzito, akaniuliza, "Mama, huu nile au nikazibie pancha?" Mtaa mzima wanauita tofali. Anakuja mtu mzima, na heshima zake, anasema, "Mama Mikate, nipatie tofali moja."

Na si leo tu. Ni kila Jumatatu tangu ulipolijenga. Jumanne ni afadhali kidogo. Jumatano unaweza kumpa mgeni usiyempenda. Alhamisi unakuwa mkate. Ijumaa na Jumamosi ninaoka mikate ambayo sijawahi kuioka maishani mwangu. Jumapili napumzika kama nilivyolelewa, siwashi moto wa kazi siku ya Bwana. Kisha Jumatatu, tofali.

Nilianza kuogopa. Nilidhani kuna kitu mimi na Mungu hatujaelewana. Nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza kila kitu, nikamuuliza kama ni adhabu au ni jaribu. Akafikiri, akasema, "Mama, sidhani Mungu ana ugomvi na wewe siku za Jumatatu peke yake. Hebu liangalie tanuri." Nilirudi nimepona roho lakini mkate haujapona.

Kwa nini sikukuambia? Siku ulipomaliza kulijenga ulilipapasa lile kuba kama unapapasa kichwa cha mtoto. Kesho yake ukaondoka, na tofali la kwanza likanikuta peke yangu. Ningekuambia nini? Halafu ukaniuliza kwa barua, nikaandika "ni zuri", nikijiambia kwamba Ijumaa ni zuri kweli. Sikujua utamsomea mkuu wa shule. Ulipoandika kwamba maneno yangu ndiyo yaliyokupa kazi, sikuweza kumsomea wifi barua mpaka mwisho. Sasa unataka kuongeza ukuta kwa sababu ya sifa nilizotia chumvi. Tanuri hilo likishindwa, nyumba tumeikosa, na wa kulaumiwa ni mimi.

Sijui kosa liko wapi. Unga uleule, kuni zilezile, mikono hii hii. Usiongeze ukuta kabla hatujajua.

Nisamehe.

Mkeo

*

Jumatatu, 14 Aprili

Mke wangu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya lundo la tofali za ile safu. Kwanza niliumia. Nilijiona mjinga niliyezunguka na karatasi ofisini kwa watu. Nikasimama, nikatembea mpaka kwenye uzio, nikarudi. Halafu nikacheka, mpaka mpishi wa shule akaja kuniuliza kama nimepatwa na jambo.

Mama watoto, langu halijaoka mkate hata mmoja.

Nilikuandikia "Mungu ni mwema" nikiwa nimetoka kutema unga mbichi. Niliandika "matokeo yanatia moyo" jioni ile mpishi alipoutupa mkate kwa mbwa na mbwa akaunusa akaondoka. Maswali yangu yote yale hayakuwa ya uaskari. Nilikuwa nakuibia ujuzi! Nilijisemea: tanuri la mke wangu ni kama hili, na linaoka, basi kuna kitu anafanya ambacho mimi sikijui. Nikaona aibu kukuuliza waziwazi, maana mimi ndiye fundi. Moto nikauongeza ukawa mkubwa mpaka kuba likapata ufa kwa ndani, wa urefu wa mkono. Ufa huo sikuuandika pia.

Kwa hiyo tuko sawa. Tusamehane tuendelee, muda hautoshi.

Nimewaza sana kuhusu Jumatatu yako. Mimi huwa nawasha siku moja, mkate unakataa, nabaki siku kadhaa narekebisha hiki na kile, ndipo nawasha tena. Naona tanuri langu mimi kila siku ni Jumatatu. Lako linapata Ijumaa. Ijumaa kuna nini ambacho Jumatatu hakuna? Liangalie kwa niaba yangu. Liguse, linuse, lisikilize. Niandikie kila unachokiona, hata kama ni cha kipumbavu.

Wanafunzi wanarudi Jumatatu ya tarehe tano. Mkuu amesema siku hiyo atakuja na kisu chake mwenyewe aukate mkate.

Mumeo,
Fundi wa tofali

*

Jumanne, 22 Aprili

Baba watoto,

Umesema hata cha kipumbavu. Basi jiandae.

Tangu nilipokutumia barua ya Jumatatu ile nimekuwa naligusa tanuri kwa nje, kiganja ukutani, asubuhi na jioni. Wifi akaniuliza kama nalipima homa. Nikamwambia ndiyo, nalipima homa. Sikia nilichokiona.

Jumatatu moto unawaka ndani, kuni zinalia, uso wangu unaungua, lakini kwa nje ukuta ni baridi kama mtungi. Nimeuwekea kiganja, nimeuwekea shavu. Baridi. Jumanne vilevile. Jumatano jioni unaanza uvuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Siku zikienda, uvuguvugu unazidi. Hapo sikushangaa.

Lakini Jumapili! Moto niliuzima Jumamosi mchana. Jumapili asubuhi nimeshavaa nguo za kanisani, nikasema niliguse tu nikipita. Nilirudisha mkono. Ukuta wa nje ulikuwa na joto kuliko Jumamosi kuni zikiwa zinawaka! Moto umekufa, majivu yamepoa, hakuna aliyewasha kitu, na ukuta unazidi kupata joto. Nilisimama pale Biblia kwapani nikiligusa huku na huku, mpaka dada yako akaniita, "Wifi, ibada iko kanisani!" Nakiri mahubiri ya siku hiyo sikumbuki hata neno. Nilikuwa najiuliza: joto hili limetoka wapi?

Nimefikia hapa, nawe unisahihishe. Lilikuwa njiani. Lile la Ijumaa na Jumamosi lilikuwa bado linatembea ndani ya tofali, polepole, kutoka ndani kuja nje, na Jumapili ndiyo lilikuwa linafika. Linatembea kama umbea wa mtaa wetu. Nyumba ya kwanza inasikia leo, ya mwisho inasikia keshokutwa, wakati aliyeuanzisha ameshausahau.

Nikataka kuliona kwa macho. Nikachemsha viazi vya ukubwa mmoja, nikawa natoa kimoja kimoja na kukipasua. Cha kwanza pembeni kimeiva, katikati kibichi, na mpaka wao unaonekana wazi, duara kabisa. Kilichofuata, duara limesogea ndani. Kingine, limebaki kama kifungo cha shati. Kisha likapotea. Nikasema niliharakishe: nikaongeza kuni mpaka maji yakarukia nje ya sufuria. Duara halikuniheshimu, likaenda mwendo wake uleule. Na kiazi kikubwa nilichokitia mwishoni, nilidhani kitachelewa kidogo tu. Kilichelewa mpaka nikamaliza kukanda unga wote wa kesho. Watoto wameula ushahidi.

Basi mume wangu, naona Jumatatu sioki mkate, nalisha ukuta. Tofali za mbele, zinazotazama moto, zimepata joto, lakini nyuma yake kuna tofali baridi zenye njaa. Nikishatoa makaa, zile za mbele zinavutwa kotekote: mkate unataka joto, na ukuta unataka. Mkate unaungua ngozi mwanzoni, halafu joto lote linakimbilia nyuma, ndani unabaki donge. Ijumaa ukuta umeshiba, haunyang'anyi tena. Jumapili unamwaga kila kitu nje, kwa hewa, bure, mchana kutwa na usiku kucha. Jumatatu tunaanza upya.

Wifi anasema dawa ni rahisi, niwashe Jumapili. Tumebishana. "Mungu anaelewa mambo ya biashara," ananiambia. Nikamwambia anaelewa, lakini mimi ndiye sijaelewa. Siwashi.

Nimewaza kitu kingine. Kaa la jioni ukilifunika majivu unalikuta asubuhi liko hai. Kwa nini nisilifunike tanuri? Jumamosi hii nikimaliza kuoka nitauziba mlango kwa udongo, na juu ya kuba na pembeni nitapanga magunia ya majivu makavu. Joto likifika nje likute limefungiwa. Nitakuandikia Jumatatu imesemaje.

Hilo lako, usilipigie moto mkubwa. Lipe moto mdogo, mrefu. Na ile safu ya nje iache kabisa, utakuwa umeongeza mdomo mwingine wa kulisha.

Mkeo,
Mpima homa

*

Jumatatu, 28 Aprili

Mke wangu,

Nimebakiwa na juma moja, nikaenda kwa mkuu kuomba kuni za kuwasha moto mdogo, mchana na usiku, kuanzia Jumatano mpaka Jumapili. Akavua miwani. "Fundi, unataka kunichomea kuni siku zote hizo bila kuoka mkate hata mmoja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na wewe unajisikia unavyosema?"

Niliona maneno hayatoshi. Nikamwomba aje jikoni. Mpishi akachemsha viazi, nami nikawa napasua kimoja kimoja mbele yake, kama ulivyoniandikia. Cha kwanza mkuu alikitazama kwa mbali. Kwa cha pili akainama. Kwa cha tatu alinyang'anya kisu akapasua mwenyewe. "Hebu toa kingine. Upesi!" Alimwita mwalimu wa fizikia kutoka ofisi ya walimu, naye alipokiona kifungo cha shati akapiga makofi kama mtoto. Yeye ndiye aliyetuambia kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani: unene ukiufanya mara mbili, muda wa joto kufika katikati hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Ukiufanya mara tatu, muda ni mara tisa.

Mama watoto, ni mimi niliyekuambia uwashe mara mbili. Kosa la Jumatatu nililijenga mimi kwa mdomo wangu, kabla hata mwiko haujakauka. Nawe ukalitii siku zote hizo ukidhani umemkosea Mungu.

Mkuu alimaliza viazi, hata chumvi hakuomba, akasema, "Chukua kuni. Lakini Jumatatu nakuja na kisu."

Tofali za ile safu nimezirudisha. Ufa nimeuziba. Magunia ya majivu yameshapangwa. Jumatatu yako imesemaje? Niandikie upesi.

Mumeo,
Fundi

*

Jumatano, 30 Aprili

Baba watoto,

Dereva amekubali kuiwahisha, kwa hiyo leo nitaandika kwa kifupi. Yeye mwenyewe haamini.

Jumapili niligusa magunia kwa nje: baridi. Nikaenda kanisani nimetulia, nikaimba sauti yangu yote. Jumatatu alfajiri nilibomoa udongo wa mlangoni na joto likanipiga usoni kama mtu aliyekuwa anasubiri kufunguliwa. Tangu Jumamosi! Sikujizuia, nilipiga kelele.

Mikate imeiva mpaka ndani. Mjane amebonyeza, shimo la gumba likarudi juu lenyewe. Amebonyeza tena na tena, mpaka nikamwambia mama, nunua au acha. Dereva amekasirika, anasema nimemnyima utani wake.

Ila nikueleze na lililoharibika, maana tumeacha kufichana. Chini iliungua. Niliwasha moto wa Jumatatu kama nilivyozoea, kumbe ukuta ulikuwa umeshashiba, haukuhitaji kiasi kile. Hasara ni ganda la chini tu, lakini liliungua. Kwa hiyo asubuhi ya mkuu usimwongezee tanuri moto wa hofu. Ingiza mkono kwanza. Likiwa limeshiba, liamini.

Tumefunga na kuomba mimi, wifi na watoto. Mdogo ameomba kwamba kisu cha mkuu kiwe butu.

Mkeo,
Mama Mikate

*

Jumanne, 6 Mei

Mke wangu,

Jana.

Barua yako ilinifikia Jumamosi, na nakwambia iliniokoa, maana kuni nilikuwa nimeshazipanga hadi mlangoni. Niliingiza mkono alfajiri. Nikautoa upesi; lilikuwa limeshiba. Nikaondoa nusu ya zile kuni, mpishi akaniambia, "Fundi, umejitia kitanzi." Baada ya hapo tuliwasha, tukaondoa makaa, tukaingiza mikate, nikafunga mlango, nikakaa chini nimeupa mgongo. Sikuweza kuutazama.

Mkuu alikuja na kisu kweli, amekifunga kwenye leso. Wanafunzi walikuwa wameanza kushuka kwenye magari na masanduku yao. Hakuchukua mkate wa mbele. Aliagiza wa nyuma kabisa, kwenye kona. Akaukata katikati, akauinua akautazama kwenye mwanga, akaubonyeza. Kisha akakata kipande, akakitia mdomoni, akaendelea kutembea kuelekea ofisini huku anatafuna. Nilibaki nimesimama sijui nimepita au nimeanguka. Alipofika mlangoni akageuka: "Fundi, utakuja kutia sahihi au nikuletee?"

Wanafunzi wamekula, wakaomba tena.

Kazi nimepata. Nyumba pia, ni vyumba viwili nyuma ya karakana, vizuri tu, usiwe na wasiwasi. Mkuu ameuliza nani atawafundisha wapishi kulitunza tanuri siku za mapumziko. Nimemwambia yupo, anaitwa mpima homa. Njooni.

Mumeo,
Fundi wa shule

*

Jumatatu, 12 Mei

Mume wangu,

Bwana apewe sifa. Wifi amepiga vigelegele na presha yake hivyohivyo, tulimkalisha tukampa maji.

Nimefurahi, na nimeogopa. Nikuandikie vyote viwili, nisije nikakuandikia furaha peke yake. Hapa nina wateja wangu, nina mjane, nina kanisa langu na benchi langu. Juzi nililala nikiwaza nitaliacha vipi tanuri hili sasa ambapo ndiyo kwanza tumeelewana. Dada yako amesema atalishika yeye. Nimemjaribisha juma zima, na Jumamosi aliziba mlango mwenyewe bila kukumbushwa, ingawa bado anasema Jumapili Mungu angeelewa. Mkate wa leo ni wake. Haukuungua.

Kwa hiyo tutakuja. Watoto wameshafunga mizigo, wamefunga hata sufuria ninayopikia.

Lakini kuna sehemu ya barua yako nimeirudia. "Vyumba viwili, vizuri tu, usiwe na wasiwasi." Baba watoto, maneno hayo nayajua. Niliwahi kuyaandika mimi. Niambie vikoje.

Mkeo

*

Alhamisi, 15 Mei

Mke wangu,

Cha nyuma kinavuja, mlango wa mbele haufungi, na karakana inapiga kelele kuanzia asubuhi. Niko juu ya paa, naandika nikiwa nimeshika misumari kwa meno.

Njooni.

Mumeo